Kompyuta kuukuu na hesabu ndefu

Katikati ya Juni 1997, kompyuta moja mjini Salt Lake City, jimbo la Utah, ilipata ufunguo wa ujumbe uliofichwa kwa njia iitwayo DES. Njia hiyo ilipitishwa rasmi na serikali ya Marekani mwaka 1977, na kwa miaka ishirini mabenki na ofisi ziliitegemea kutunza siri zao. Kampuni ya RSA ilikuwa imeweka zawadi ya dola 10,000 kwa atakayeufungua ujumbe wake. Sasa, mashine iliyoufungua haikuwa ya jeshi, wala ya chuo kikuu chenye fedha za kuchezea. Ilikuwa Pentium ya megahezi 90 yenye kumbukumbu ya megabaiti 16, aina iliyoingia sokoni mwaka 1994. Wakati huo madukani kulikuwa na Pentium II zenye kasi ya karibu mara tatu. Kwa lugha ya Kariakoo, hii ilikuwa imeshaanza kuitwa mtumba.

Haikufanya kazi peke yake, bila shaka. Rocke Verser, mtaalamu wa programu kutoka Colorado, aliandika programu ndogo na kuwaomba watu wenye kompyuta zinazokaa bila kazi usiku waiweke. Mradi ukaitwa DESCHALL. Funguo zinazowezekana za DES ni nyingi mno: andika 72, halafu sufuri 15 mbele yake, na bado hujazimaliza zote. Kila kompyuta iliomba fungu lake la funguo, ikazijaribu moja baada ya nyingine, ikarudisha jibu. Na jibu, karibu kila mara, lilikuwa lile lile: haupo huku. Ufunguo ulipopatikana walikuwa wamepekua karibu robo ya funguo zote. Jambo moja husahaulika katika kisa hiki: sheria za Marekani za kupeleka nje programu za usiri zilikuwa kali, kwa hiyo mwaliko ule wa Verser ulikuwa wa watu wa Marekani na Canada tu. Sisi wengine, hata tungekuwa na mashine, hatukualikwa.

Nimekuwa nikisoma historia ya miradi hii kwa muda sasa, na naona inafaa kusimuliwa kwenye ukurasa wa watu wapendao vitabu, kwa sababu ndani yake kuna swali ambalo halihusu mafundi peke yao. Mtu mwenye kitu duni, cha polepole, kilichopitwa na wakati: mchango wake ni wa kweli, au anapewa nafasi ya kuchangia ili asijisikie vibaya?

Wengi wakiulizwa hukimbilia methali: haba na haba hujaza kibaba. Ni methali nzuri lakini hapa inaeleza nusu tu ya mambo. Kibaba hujazwa na kila punje. Ukitoa moja, kimepungua. Utafutaji wa ufunguo hauko hivyo. Punje moja tu ndiyo yenye thamani, nyingine zote ni makapi. Ni kama kijiji kizima kimetoka usiku na taa kumtafuta mtoto aliyepotea. Atakayempata ni mmoja. Lakini yule mzee aliyepekua shamba la mihogo na kurudi akasema “huku hayupo” amefanya kazi, maana bila neno lake wengine wangelazimika kulirudia shamba lile lile. Kompyuta ya polepole ilikuwa mzee huyo. Shamba lake lilikuwa dogo, ila neno lake lilikuwa na uzito sawa na la kijana mwenye mbio.

Kuna kisa kingine ninachokipenda zaidi. Baada ya DES, kikundi cha distributed.net kilianza kutafuta ufunguo mrefu zaidi, wa RC5-64. Safari hiyo ilikuwa wazi kwa dunia nzima. Ilichukua siku 1,757, karibu miaka mitano, na watu 331,252 walishiriki. Tarehe 14 Julai 2002, kompyuta moja mjini Tokyo ilirudisha jibu sahihi. Prosesa yake? Pentium III ya megahezi 450, ya mwaka 1999, wakati kompyuta mpya za 2002 zilikuwa zimevuka gigahezi 2. Na hapa ndipo pananichekesha: jibu lilifika kwenye seva, likakaa pale karibu mwezi mzima bila mtu kuliona, kwa sababu ya hitilafu ya mfumo wao wenyewe. Dunia nzima inaendelea kutafuta kitu ambacho kizee cha Tokyo kimeshakileta na kuketi. Walikuja kugundua tarehe 12 Agosti.

Tusidanganyane lakini. Visa hivi viwili havithibitishi kwamba kompyuta mbovu zina baraka. Mashine za polepole zilishinda kwa sababu zilikuwa nyingi, basi. Ukiwa na tiketi nyingi kwenye bahati nasibu, siku moja tiketi yako itatoka, hata kama kila moja ni ya bei ndogo. Ila mtu asiipuuze hiyo “zilikuwa nyingi”. Miradi ile ilisimama juu ya migongo ya kompyuta za makarani, za vyumba vya wanafunzi, za ofisi ambazo usiku zinabaki na mlinzi tu.

Mradi ulioelewa jambo hili vizuri kuliko yote, kwa maoni yangu, ni ule wa namba tasa. George Woltman aliuanzisha Januari 1996 na kuuita GIMPS. Unatafuta namba tasa za aina ya Mersenne: chukua mbili, ipandishe kwenye kipeo fulani, toa moja, halafu uliza kama kilichobaki kinagawanyika. Namna ya kupima ni nyepesi kuieleza na nzito kuitenda. Unaanza na 4. Unaizidisha kwa yenyewe, unatoa 2, unagawa kwa namba unayoipima na kubakiza baki tu. Kisha unarudia hivyo hivyo, mara karibu sawa na kipeo chenyewe. Kipeo kikiwa milioni hamsini, utarudia mara milioni hamsini kasoro mbili. Baki la mwisho likiwa sufuri, umepata namba tasa.

Ugumu wake ni kwamba kila hatua inaihitaji ile iliyotangulia. Funguo za DES unaweza kuzigawa kwa maelfu ya watu, kila mmoja na fungu lake. Kipeo kimoja hakigawiki hivyo. Ni safari ya mtu mmoja kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kwa hiyo mashine ya polepole ikipewa kipeo kikubwa inaweza kukaa nacho miezi na miezi. Namba ya kwanza ya mradi, iliyotangazwa Novemba 1996 na Joel Armengaud, ilipatikana kwa Pentium ya megahezi 90 (ndiyo, ndugu ya ile ya Utah). Mwaka 1998 Roland Clarkson, mwanafunzi wa miaka 19 huko California, alipata yake kwa Pentium ya megahezi 200 baada ya siku 46 za kuiwasha na kuizima. Mwaka 1999 Nayan Hajratwala alipata namba ya kwanza kuvuka tarakimu milioni moja, kwa kompyuta ya nyumbani iliyofanya hesabu siku 111 katika nafasi ilizopata.

Lakini hao ni washindi, na washindi huandikwa siku zote. Mimi kinachonivutia ni namna kazi ilivyogawiwa kwa wengine. Seva ya mradi ilitazama kasi ya kompyuta yako kisha ikakupa kazi ya kimo chako. Zenye mbio zilipewa vipeo vipya. Za polepole kabisa zilipewa kazi ya kutafuta vigawanyo vidogo, kuondoa namba ambazo hazina haja ya kupimwa. Na zile za katikati, zilizokuwa na mbio miaka mitano nyuma, zilipewa kuhakiki: kurudia kipeo ambacho mtu mwingine amekwisha kukipima na kusema si namba tasa. Unarudia kwa sababu kumbukumbu ya kompyuta hukosea, joto huharibu hesabu, na kosa moja kwenye hatua ya milioni thelathini linapotosha kila kitu kinachofuata. Mwishoni mradi unalinganisha herufi na tarakimu 16 za baki lako na zile za mtu wa kwanza. Zikifanana, kipeo kinafungwa. Kwa kazi hiyo ya kimya, mwaka 2021 iliweza kusemwa kwa uhakika kwamba namba iliyopatikana mwaka 2013 ni ya 48 katika mstari, hakuna nyingine iliyojificha nyuma yake. Heshima hiyo ni ya wahakiki, na majina yao hayakutoka gazetini.

Mimi mwenyewe nina Pentium 4 ya mezani, niliyoinunua ikiwa tayari imeshatumika ng’ambo, ina kibandiko cha ofisi fulani ya Ulaya ubavuni. Kazi yake ni kuandikia na kuhakiki vipeo. Nilipoiacha ikifanya kazi usiku na mchana, kipeo kimoja kiliichukua karibu miezi miwili. Umeme ukikatika, na kwetu unakatika, programu haijali sana: huandika mahali ilipofika kwenye diski kila nusu saa, ukiwasha inaendelea kutoka pale. Nilipoligundua hilo nilifurahi kuliko nilivyotarajia. Woltman hakuwa akiifikiria mitaa yetu alipoandika programu yake, alikuwa akimfikiria mtu atakayezima kompyuta aende kulala. Lakini kitu kilichotengenezwa kwa kutegemea kukatizwa kinafaa sana kwa maisha ya kukatizwa.

Miradi mingine naipitia haraka. SETI@home ya chuo kikuu cha California, Berkeley, ndiyo maarufu: ilianza tarehe 17 Mei 1999, ikagawa mawimbi yaliyonaswa na darubini ya redio ya Arecibo, Puerto Rico, katika vipande vya sekunde 107, na zaidi ya watu milioni tano walijiunga kutafuta dalili za viumbe wa sayari nyingine. Tarehe 31 Machi 2020 iliacha kugawa kazi. Viumbe hawakupatikana. Watu husema hiyo ni hasara, mimi nasema tena: “huku hayupo” ni jibu. Folding@home ya Stanford, iliyoanza mwaka 2000 kuchunguza namna protini zinavyojikunja, ilikuwa na tabia tofauti. Humo hatua ya pili ya uigaji haianzi mpaka ya kwanza irudi, kwa hiyo mashine ya polepole inawachelewesha wengine. Ndiyo maana wakaweka ukomo wa siku, na baadaye pointi za ziada kwa anayerudisha mapema. Siwalaumu. Ila ndipo mlango ulipoanza kusogezwa, taratibu, na kizee kikabaki nje.

Kuna mradi mmoja uliotugusa moja kwa moja na ambao watu wachache hapa kwetu waliusikia. Taasisi ya magonjwa ya tropiki ya Basel, Uswisi, ina uhusiano wa zamani na Ifakara. Maabara yake ya pale ilianzishwa na Rudolf Geigy mwaka 1957. Miaka ya 2000 watafiti wake walitengeneza kielelezo cha malaria cha kuendeshwa kwenye kompyuta, na kupitia juhudi iliyoitwa Africa@home, iliyowahusisha pia CERN, wakawaomba watu wa dunia wakiendeshe majumbani mwao. Mradi ukaitwa malariacontrol.net. Ndani ya kompyuta waliishi wanakijiji wa kubuni, wakiumwa na mbu, wakiugua, wakijenga kinga, wakizaa, hatua kwa hatua ya siku tano tano. Swali mojawapo la mwanzo lilikuwa hili: chanjo yenye nguvu kiasi fulani ikigawiwa, watapona wangapi, na kwa miaka mingapi?

Na mbu wa kielelezo kile walitoka wapi? Sehemu ya takwimu za msimu wa maambukizi zilitoka Namawala, kijiji cha bonde la Kilombero, zilizokusanywa na watafiti waliotega mbu kwenye nyumba za watu. Hebu fikiria, msomaji: kompyuta ya mtu asiyejua Kilombero iko ramani gani, labda Hamburg au Osaka, usiku kucha inahesabu mbu wa Namawala. Hapa ndipo methali ya kibaba inapofanya kazi yake sawasawa. Kielelezo kilihitaji kujaribiwa kwa maelfu ya namna, na kila jaribio liliingia kwenye kibaba. Hapakuwa na mshindi wala makapi. Punje ya Pentium III ilikuwa na ukubwa ule ule wa punje ya mashine mpya, ilichelewa tu kufika. Mradi ulifungwa mwaka 2016. Kama ningeambiwa nichague mmoja wa kuusifu kati ya yote niliyoitaja, ningeuchagua huu, na si kwa sababu ya ujirani peke yake.

Sasa tuje kwenye umeme, maana hapa ndipo hoja ya kompyuta kuukuu inapojeruhiwa vibaya. Miradi hii ilizaliwa na neno moja tamu: nafasi ya bure. Kompyuta yako imekaa tu, itupe nafasi hiyo. Miaka ya tisini neno hilo lilikuwa karibu kweli. Windows 95 haikuwa na utaratibu wa kuipumzisha prosesa isipokuwa na kazi. Ilizunguka tu bila kufanya lolote, ikila umeme kama iliyo kazini. Kuipa hesabu hakukuongeza gharama kubwa. Baadaye prosesa zikajifunza kulala, na ghafla ile nafasi ya bure ikawa na bei: tofauti kati ya kompyuta iliyolala na iliyo macho. Waalikaji hawakulibadilisha neno lao haraka.

Nimepiga hesabu ya ile ya kwangu. Tuseme inakula wati 100, na hapo naikadiria kwa huruma. Saa 24, siku 30: uniti 72 kwa mwezi. Mwenye LUKU hapa Tanzania ameshaona tatizo. Mteja wa matumizi madogo, yule anayelipa bei nafuu, ukomo wake ni uniti 75 kwa mwezi. Yaani kompyuta moja kuukuu inayotafuta namba ambazo hakuna mtu atakayezitumia sokoni inameza fungu zima la umeme wa familia maskini, ikiwabakizia uniti tatu za taa, redio na kuchaji simu. Wakizidisha, wanapandishwa bei. Kwa umeme huo huo kompyuta ya leo ingehakiki vipeo vingi kuliko ninavyoweza kuvihesabu kwa vidole vyangu. Kwa hiyo yule anayesema kwamba mashine za polepole ziachwe zipumzike hazungumzi kwa dharau. Anazungumza kwa hesabu, na hesabu yake ni sahihi.

Halafu hisabati yenyewe ikaongeza pigo. Mwaka 2020 GIMPS ilianza kutumia njia mpya ya kupima ambayo inatoa pamoja na jibu uthibitisho wake, na uthibitisho huo hukaguliwa kwa sehemu ndogo sana ya kazi ya awali. Kurudia kipeo kizima toka mwanzo hakuhitajiki tena. Kazi ya heshima ya wahakiki ikaondolewa, si na kompyuta yenye mbio zaidi, bali na wazo zuri la kwenye karatasi. Naliona ni wazo la kupendeza, na papo hapo naona kama mtu aliyefungiwa duka.

Namba za mwisho zinaonyesha mwelekeo. Desemba 2017 Jonathan Pace wa Tennessee, baada ya kutafuta kwa zaidi ya miaka 14, alipata yake kwa kompyuta ya kawaida ya i5 katika siku sita. Desemba 2018 Patrick Laroche wa Florida akapata nyingine kwa kompyuta ya kawaida pia. Kisha kimya cha karibu miaka sita. Oktoba 2024 ikatangazwa namba yenye tarakimu 41,024,320. Aliyeipata ni Luke Durant, aliyewahi kufanya kazi NVIDIA, na hakuipata kwa kompyuta ya nyumbani. Aliunganisha maelfu ya kadi za michoro katika vituo vya data vya nchi 17. Kadi moja ya Dublin ikaashiria, nyingine ya San Antonio ikathibitisha. Kwa miaka 28 kila namba ya mradi ilikuwa imepatikana kwa kompyuta za mezani. Hii haikuwa hivyo. Bado Durant ni mtu wa kujitolea kama sisi, alitumia fedha zake, na simwonei kijicho hata kidogo. Lakini tiketi za bei ndogo hazitoki tena.

Kilichobaki ni foleni. Vipeo vilivyopimwa mara moja kwa njia ya zamani, kabla ya uthibitisho kuja, bado vinasubiri mtu wa pili wa kusema ndiyo, nimefika pale pale. Foleni hiyo haiongezeki tena, inapungua tu, na ikiisha imeisha. Ya kwangu siku hizi naiacha ihesabu saa zile ninazoiwasha kuandikia, kama tano kwa siku, uniti 15 hivi kwa mwezi. Kwa mwendo huo kipeo kimoja kinachukua karibu miezi tisa, muda wa mimba. Kilichomo sasa kilipimwa mara ya kwanza na mtu nisiyemjua, miaka mingi nyuma. Leo asubuhi kilikuwa asilimia 61.